Uzinduzi wa Rimu za Matundu Matano

Mheshimiwa Mama Mkwe, uliyekaa kwenye stuli hapo kando ya gari tangu saa kumi na mbili, mkoba mapajani na kadi ya hospitali ndani ya mkoba. Mheshimiwa Mke Wangu, mkunga wa zamu ya mchana na mshika funguo zote za nyumba hii. Ndugu Jirani, uliyekuja kuazima koleo ukaona heri ubaki. Watoto wangu wawili, mnaocheka kabla sijasema lolote. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Mke: "Baba watoto, sema unachosema, saa zinakwenda!")

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa na suruali yenye grisi, mimi Afisa Mwandamizi wa Mipango kwa miaka kumi na tisa, mtu ambaye kule ofisini hawanunui hata stepla bila kuniletea upembuzi yakinifu wenye viambatisho, ili nitoe taarifa ya utekelezaji wa Mradi Jumuishi wa Uboreshaji wa Mwonekano wa Gari la Familia kwa Njia ya Rimu za Spoti, mradi ambao, kama mnavyojionea, umefikia hatua ya gari kukalia matofali. (Jirani anakohoa.)

Niweke kumbukumbu sawa. Juzi shemeji yangu fundi aliniuliza papa hapa uani, "Shemeji, umehesabu nati? Umepima tundu la katikati? Una hakika rimu ikikaa haitagusa breki?" Nami, kwa sauti ileile ninayoitumia kwenye vikao vya menejimenti, nikamjibu kwamba Tume ya Ukaguzi imekamilisha zoezi, data zipo, nati ni tano kwa kila gurudumu, na magurudumu yamefikiwa kwa asilimia mia moja. (Vicheko.) Msicheke, nililizunguka gari zima! Tano mbele, tano nyuma, tano kule, tano huku. Ishirini. Hesabu haina kasoro, kasoro ni kwamba nilikuwa nahesabu nati za urembo zilizochongwa kwenye kile kifuniko cha plastiki.

Sasa ndugu zangu, mtu mwingine angegundua hapo alipobandua vifuniko akaanza kufungua nati zenyewe, kwa sababu zilikuwa nne. Nne! Nilizishika kwa mkono huu. Lakini taarifa ilikuwa imeshapitishwa, na katika utumishi wangu wote sijawahi kurekebisha taarifa iliyopitishwa, kwa hiyo nikaamua papo hapo kwamba nati ya tano imeibiwa. (Jirani: "Kwenye magurudumu yote manne?") Kwenye yote manne, Ndugu Jirani, na ukitaka kujua niliyemshuku, ulikuwa wewe. (Vicheko virefu. Jirani anaweka koleo chini.) Samahani sana, jirani.

Basi jana nikayapakia magurudumu ya zamani kwenye pikapu ya shemeji, nikayapeleka kwa muuza rimu, tukabadilishana, nikarudi nazo hizi zinazong'aa, nikawaita muone zinavyokaa. Zikakataa kukaa. Nikasukuma, nikazungusha, nikapiga teke. Matundu matano hayaingii kwenye vyuma vinne vya kufungia nati hata ukiunda kamati ndogo.

Na hapa, Mheshimiwa Mama, ndipo ulimi wangu unapokuwa mzito. Miezi mitano umesubiri nafasi ya kutolewa mtoto wa jicho. Nafasi yenyewe ni leo, saa nne kamili, hospitali iko mwendo wa saa nzima, na atakayechelewa anarudi mwisho wa foleni. Teksi uliyoahidiwa na binti yako haipokei simu. Pikapu ya shemeji upande wa abiria haina kiti, ina ndoo, na yenyewe imeondoka alfajiri kwenda kumbembeleza muuza rimu. (Mke: "Na mama alikwambia!")

Aliniambia. Nakiri mbele ya umma huu. Ijumaa alipita hapa akipapasa gari kutafuta mlango, mkono ukaangukia gurudumu, akasema, "Baba, hii ni plastiki. Hizi nati hazizunguki." Mkaguzi pekee aliyeinama! Nami nikamjibu nini? Nikamjibu, "Mama, ukishatibiwa macho utaona vizuri." Nimeona haya, mama. Nimeona haya mpaka nashindwa kumaliza chai.

(Honi getini. Shemeji fundi anaingia akibingirisha gurudumu.)

Naomba tumkaribishe mshirika wetu wa maendeleo kwa makofi! (Shemeji: "Matatu tu, shemeji. Moja limeshauzwa jana." Mke anashika kichwa. Mtoto mkubwa: "Si kuna la akiba kwenye buti?")

La akiba! Limelala kwenye buti miaka yote hii, limetobolewa matundu manne, shahidi ambaye Tume haikuwahi kumwita. Lileteni! (Makofi, vigelegele. Shemeji anapiga jeki.)

Kwa kuwa muda si rafiki, nihitimishe kwa kaulimbiu. Hesabu! (Watoto: "Kwanza!") Inama! ("Kwanza!") Nyamaza, msikilize mkweo! (Mke peke yake, kwa nguvu: "Kwanza!")

Nawashukuru wote, na kwa namna ya pekee naishukuru Tume ya Ukaguzi, ambayo haikuwahi kuwapo. Tume nilikuwa mimi, nimesimama wima na kikombe mkononi. Zoezi halikufanyika. Data hazipo. Tepu ya kupimia iko kwenye droo ya jikoni, na nailoni ya dukani haijachanwa. Mradi mzima ulikuwa ni mimi kutaka jirani aseme, "Lo, gari lako!"

Shemeji, lete hiyo spana nikaze mwenyewe. Mama, nisamehe. Na kama hutojali, kabla sijafunga hata moja, naomba mkono wako hapa. Hesabu wewe.

(Mama Mkwe anainama, anapapasa vyuma kimoja kimoja, pole pole. "Nne, baba. Haya, kaza twende.")