Kisanduku cha Walioacha

Jumatatu, 3 Machi

Nisipoandika hili nitapasuka. Mpangaji wangu Cherop, yule msichana wa bara anayefanya hesabu za mradi wa uji, leo kanionyesha kazi yake kwenye kompyuta. Picha ya visanduku na mishale. Na hachori kwa mkono! Anaandika maneno upande mmoja, picha inajichora yenyewe upande wa pili.

Nikamuuliza hivyo visanduku ni kina nani. Ati ndio sisi. Cha juu ni kina mama wote walioandikishwa. Mshale mmoja unashuka kwangu Mkwajuni, mwingine unashuka ng'ambo ya barabara kwa Zipporah. Mie na Zipporah ndio wahamasishaji, tunawaita kina mama walete watoto wapimwe uzito, wapewe uji. Mpaka hapo sawa. Lakini kwangu kuna mshale mwingine, unakimbilia pembeni kwenye kisanduku peke yake. "Walioacha: 11. Sababu: mhamasishaji hana siri."

Hana siri! Mie!

Na kwa Zipporah hakuacha hata mmoja. Ijumaa Daktari Ochola, mkuu wa mradi, anaonyesha picha hii barazani, kisha kina mama wachague kiongozi wa wahamasishaji. Kiongozi anapewa baiskeli. Mie na miguu yangu hii ya kuvimba, hiyo baiskeli naiota.

Najua nani kasema. Mama Kambi. Nilisema tu kwamba mwanawe hana uzito, tena nilisema kwa huruma, pale bombani, na watu walikuwa wachache. Nimeshapita nyumba zote kuwaeleza kwamba ni yeye.

Jumanne, 4 Machi

Mahamri na mbaazi kwa Cherop, moto moto. Alipokolea kula nikamwomba akifute kile kisanduku. Kakataa na mdomo umejaa. Ati aliyeingia lazima aonekane alikokwenda, la sivyo hesabu ni ya uongo. Ila sura ya picha anaweza kubadilisha. Rangi, pembe, unene wa mistari.

Basi changu kiwe kikubwa kuliko cha Zipporah, nikasema. Kumbe kisanduku kinashiba maneno! Ukiandika mengi ndani, kinanenepa. Maneno mie ninayo. Nikamtajia aandike: Mkwajuni kwa Mama Sanga, nyuma ya kanisa, ukipita kinu cha kusaga, nyumba ya mabati mapya. Kikajaa picha nzima. Cha Zipporah kikasukumwa kule mwisho kama mgeni asiyealikwa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Halafu picha ikajikunja ili itoshe, herufi zote zikawa kama chawa. Cherop kafuta. Nimebaki na "Mkwajuni" tupu. Mahamri hakurudisha.

Jumatano, 5 Machi

Zipporah kaja na kuku mzima! Sijui nani kamwambia habari za picha. Mie nilimwambia shemeji yake tu.

Anataka mshale wake uwe mnene. Cherop ni mtoto mwenye haya, hakuweza kukataa kuku. Mshale ukawa kama mchi wa kinu. Nikadai na wangu. Ukanenepa, lakini na ule wa kwenda kwa walioacha ukanenepa, mnene kuliko yote! Nikasema urudishwe. Zipporah akasema usirudishwe, unapendeza.

Cherop akashika kichwa. "Mama Sanga, si ukuje tu ujifanyie mwenyewe," akasema kwa hicho Kiswahili chake cha bara. Mishale yote kairudisha myembamba. Kisha kanionyesha: neno la rangi liko hapa, unalifuta, unaandika lingine. Neno la zambarau kwa Kiingereza kaniandikia kwenye karatasi.

Kuku kafungwa mlangoni pangu. Ananitazama.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu hamtupi mtu! Cherop kaenda kuoga, kaniacha nipake kisanduku changu zambarau. Visanduku vyenyewe ni mstari tu na maneno, ndani havina kitu. Nikapaka. Kizuri kama leso ya harusi.

Kisha nikashuka chini, penye maneno ya kile cha walioacha. Neno la nyeupe nalijua, liliandikwa kwenye mikebe ya rangi tulipopaka kanisa. Nikaliandika pa mstari. Nikaliandika pa maneno. Nikaliandika pa mshale. Kisanduku kikayeyuka! Na sijafuta mtu. Kina mama wote kumi na mmoja wamo, wametulia tu.

Cherop katoka bafuni nywele zinadondoka maji, simu inalia, Daktari anataka picha saa hiyo hiyo. Kaituma bila kuangalia. Nimemwosha kuku miguu kwa furaha.

Ijumaa, 7 Machi

Baraza. Niliketi mbele na leso mpya.

Wakatundika shuka, wakafunga madirisha, wakawasha mashine ya kumulika picha. Jamani, nani alijua? Kurasa za Daktari ni za buluu. Buluu nzito! Picha yetu haina rangi ya nyuma, ikawekwa juu ya hiyo buluu. Zambarau yangu ikamezwa. Maneno meusi yakamezwa. Kilichong'aa ni kimoja tu, kama taa ya gari. "Walioacha: 11. Sababu: mhamasishaji hana siri." Kina mama wakasoma kwa sauti moja kama shuleni.

Ila mshale ulitoka gizani. Haukuonekana ni wa nani. Zipporah mwenyewe alianza kufuta jasho. Nikaona nisimame nijitetee kabla mambo hayajaharibika.

"Daktari, huo mshale si wangu," nikasema. "Mama Kambi aliacha kwa sababu mumewe kakimbilia Mtwapa na yule mwanamke wa duka la simu. Mie nahusika wapi?"

"Mama Sanga," Mama Kambi akasema polepole, "hayo hata mama yangu hayajui."

Mama yake alikuwa kiti cha pili kutoka kwangu.

Baiskeli kapewa Zipporah. Ina kengele.

Jumapili, 9 Machi

Cherop kafungua maandishi yake, kaona weupe wangu. Nilidhani atahama. Kacheka mpaka kalia, kisha kanipiga marufuku kugusa kompyuta.

Daktari naye kaniita. Ati nisiachie kazi, hao kumi na mmoja ni mie tu ninayejua kila mmoja yuko wapi. Niwarudishe, lakini kwa mdomo uliofungwa.

Nimempelekea Mama Kambi yule kuku. Kaniacha nisimame juani kitambo kizuri. Kumbe mama yake, baada ya kusikia barazani, alihamia kwake jioni ile ile na gunia la mahindi. Mtoto kashiba, anacheka. Nikaomba msamaha, Mama Kambi akachukua kuku. Atarudi mradini.

Jumanne, 11 Machi

Mama Kambi kaja na mtoto kwenye mizani, kweli! Cherop kasema kisanduku sasa kitaandikwa kumi. Na Mama Kambi kanivuta pembeni, kaniambia jambo. Mumewe kapiga simu, analia, anataka kurudi. Kaniomba lisitoke hapo. Nimeapa kwa kaburi la hawe wangu, bibi aliyenilea.

Na nimetimiza. Sijaenda bombani, sijaenda kanisani. Nimemwambia Zipporah peke yake, maana yeye ana baiskeli.