Nafasi Moja ya Finland

Jumatatu, 6 Oktoba
Mkuu wa kitivo katangaza: chuo chetu kinataka kujulikana duniani, na kazi hiyo ni yetu sisi walimu. Profesa Kirsti wa Finland amekuja kuchagua mmoja wetu akafundishe kwao muhula mzima. Mmoja! Nafundisha jiografia ya Ulaya mwaka wa kumi na tisa na sijawahi kutia mguu nje ya Uzbekistan. Nafasi hii yangu. Kikwazo ni Mavluda wa kemia. Anajua Kiingereza kuliko mimi, ila hilo naliandika hapa tu.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimemwalika mgeni nyumbani. Heshima tupu! Pilau, tikiti, na chai nimemimina mwenyewe, kina cha vidole viwili kila bakuli, kama kwetu anavyomiminiwa mgeni usiyetaka aondoke. Likijaa, maana yake kunywa uende zako. Saa tatu nzima nimemmiminia hivyo. Hakuondoa macho kwenye birika. Mke wangu Dilorom kaninong'oneza, "Baba Sardor, huyu mama ana kiu." Nikamwambia, si kiu, ameguswa.

Jumatano, 8 Oktoba
Zamu ya Mavluda kumkaribisha mgeni. Asubuhi nimempitia, nikajitia huzuni, nikamwambia kwa siri kwamba mgeni kaiita maabara yake jiko la bweni. Akawaka! Kaapa kwamba mama huyo atapewa bakuli moja, limejaa pomoni, kisha mlango ule pale. Nimerudi ofisini napiga mluzi. Jioni nimenunua begi la safari.

Alhamisi, 9 Oktoba
Jamani! Anakwenda Mavluda!
Mkuu anasema mgeni kamsifu mbele ya wote: tangu afike, huyu ndiye wa kwanza kumpa chai ya kutosha. Kamaliza bakuli, kaomba jingine. Mavluda kwa hasira kalijaza mpaka likamwagika, mgeni kamshika mikono kwa furaha. Basi wakaanza kuongea, na wameongea kemia mpaka magharibi.
Nimekutana na Mavluda kwenye ngazi. "Asante, kaka Shuhrat," kaniambia, anacheka mpaka machozi. "Bila fitina yako ningemmiminia kidogo." Nimeumia, sifichi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimetafakari siku nzima na kosa langu nimeliona. Vidole viwili vilikuwa vingi mno! Mgeni kadhani namfukuza. Aprili wanakuja wageni wengine kuchagua mwalimu, Wakorea. Hao nitawamiminia tone tone.