Ngoma ya Kuongeza Watu wa Mwabulolo

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Ndugu afisa wa wilaya (hayupo), ndugu wajumbe wa halmashauri ya kijiji (wamelala), wazee, akina mama, vijana, na wewe shajara yangu: salaam. Hata nikiwa peke yangu siwezi kuanza bila kuwataja wakubwa kwanza.

Habari nzito. Jumamosi anakuja afisa, Ndugu Kamugisha, kutoka Mwanza kuhesabu watu. Kijiji chetu cha Mwabulolo kisipofikisha idadi ya watu inayotakiwa, kitaunganishwa na Itanga, ng'ambo ya mbuga. Mashine ya kusaga tuliyoahidiwa itakwenda Itanga. Uenyekiti wangu nao! Na mwenyekiti wa Itanga ni Nkwabi, mtu anayekunywa chai akiwa amevaa kofia.

Tangu Operesheni Vijiji itulete hapa, nusu ya watu wamerudi kimyakimya kwenye mahame yao, makazi ya zamani. Mbuga ni tambarare, haina hata kichaka cha kujificha, lakini hakuna aliyewaona wakiondoka. Sielewi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata. Ngoma! Mavuno yamekwisha, watu watatembea siku nzima kuja kutazama. Bagika, kundi letu la ngoma, watacheza Jumamosi, wageni watafurika, afisa atahesabu vichwa. Aliyesimama Mwabulolo ni mtu wa Mwabulolo.

Kashindye, mke wangu, akauliza wageni wakishaondoka itakuwaje. Nikamjibu kwamba hiyo ni hatua ya pili. Akaguna. "Baba Ng'washi, mimi nataka mashine tu. Jiwe la kusagia limenimaliza mgongo."

Alhamisi, 7 Agosti

Kikwazo. Mzee Malimi, kiongozi wa Bagika, kanicheka hadi akakohoa. Kasema Bagika hawachezi bila Bagalu, kundi la mahasimu wao, wa kushindana nao. Kila upande hucheza mahali pake, na unaovuta watu wengi ndio mshindi. Nilijua hayo tangu utotoni. Nilisahau.

Bagalu wa karibu ni wa Itanga. Kiongozi wao? Nkwabi!

Nimevuka mbuga kwa miguu. Nimempa shikamoo, ingawa sisi ni rika moja. Akaitikia marahaba bila haya! Kakubali haraka mno, kwa sharti moja: Bagalu wachezee upande wao wa ile safu ya mikonge, hatua chache tu kutoka kwetu, inayotenga vijiji vyetu. Nikaona ni haki. Sijui alikuwa anatabasamia nini.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi, ushindi! Watu wa Itanga wote walikuwa kwetu, wakiwatazama Bagika wakiruka na majembe. Nikamsihi afisa aanze kuhesabu. Akasema amalize kwanza togwa. Kibuyu kilikuwa kikubwa kupita kiasi. Nilikichagua mwenyewe.

Kisha, ng'ambo ya mikonge, Nkwabi akafunua kikapu. Chatu! Mnene kama gogo, akajizungusha shingoni mwa mchezaji. Watu wakapiga yowe, wakakimbia. Wakakimbilia kwa chatu! Wao, wetu, wajumbe wa halmashauri, Bagika wenyewe na majembe yao. Malimi, mwenye mguu mbovu, alinipita.

Nikavuka mikonge kuwarudisha. Nikahutubia kwa sauti kuu kuhusu umoja na wajibu. Kashindye, aliyekuwa mstari wa mbele, akaniambia nikae chini, namziba.

Nikakaa. Lazima nikiri kwamba chatu alikuwa mzuri.

Ndipo nikahisi kidole begani. Kamugisha alikuwa amemaliza togwa, na alikuwa anahesabu. Nikamweleza kwamba mimi ni mwenyekiti wa Mwabulolo. Akaniuliza, kwa upole mkubwa, mbona basi nimeketi Itanga.

Upande wetu walibaki mbuzi na kibuyu.

Jumatatu, 11 Agosti

Ndugu Mwenyekiti Nkwabi (mkono unakataa kuandika), ndugu wajumbe, wazee, akina mama, vijana, na mimi, ambaye sijui nijiweke wapi katika mpangilio huu: salaam.

Mwabulolo sasa ni kitongoji cha Itanga. Mashine itafungwa penye mikonge, upande wao. Kashindye kaenda kupaona, kasema ni karibu kuliko kisimani. Anaimba tangu asubuhi. Tumeshindwa, yeye anaimba! Sielewi.

Nimetafakari kosa lilikuwa wapi. Mpango haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa chatu: walikuwa naye wao. Na afisa atarudi mwakani.

Kwa hiyo kesho, mbele ya mkutano, nitahitimisha hivi: Ndugu zangu wa Mwabulolo, uamuzi umepitishwa. Alfajiri ya Jumatano kila kaya itoe mtu mmoja mwenye kikapu kikubwa, twende mtoni tukamtafute chatu wetu. Atakayeuliza chatu huyo atalala nyumbani kwa nani, aelewe kwamba hiyo ni hatua ya pili.