Ombi la Kurudisha Vita vya Ramani

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pole na majukumu. Mimi ni muuzaji katika duka lako la simu, lile la kona, jirani na kinyozi. Mke wangu ameajiriwa na wapinzani wetu, wale wenye programu ya ramani. Ulipoiondoa ramani yao kwenye simu zetu na kuweka ya kwetu, uliagiza kila mfanyakazi aonyeshe uaminifu. Nilikutii kwa moyo mmoja, na ndiyo maana sasa nalala peke yangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwa ajili yako nilikataa kuelekezwa na mke wangu popote pale. Akiniambia chumvi iko kabatini, mimi naanza kuitafuta chini ya kitanda. Nimekula mayai yasiyo na chumvi kwa heshima ya kampuni.

2. Siku ya harusi ya shemeji yangu, nilimbeba bwana harusi mwenyewe garini. Mke wangu, kutoka kiti cha nyuma, alisema nikate kushoto. Ramani yetu ikasema kulia, nikakata kulia. Tukatokea kwenye machimbo ya kokoto, na ramani ikatupongeza kwa kufika salama. Bwana harusi alishuka na viatu vyake vyeupe, akalia. Ukumbini walikuwa wameshakata keki. Kesho yake mke wangu alihamia kwa dada yake, mtaa nisioujua, akasema nikimtaka nitafute njia mwenyewe.

3. Jana nakuona kwenye televisheni umeshikana mikono na mkurugenzi wao, mnacheka mpaka magego yanaonekana. Ramani yao inarudi kwenye simu zetu! Tena mtangazaji akasema muda wote huo mlikuwa mnawatengenezea simu za ofisini, nao wanawatunzia picha zenu. Mbona sisi wadogo hatukuambiwa kwamba kugombana kuna kiasi? Mimi niligombana kwa ukamilifu.

4. Nikiifuata ramani yao, nitakuwa nimekiri kwamba ilikuwa kushoto. Nitauweka wapi uso wangu?

Kwa hiyo naomba vita virudi mara moja, vikali kuliko vya mwanzo. Ikishindikana, njooni wakurugenzi wote wawili mniandikie mkataba wa nyumbani: nani aongoze njia panda, nani ashike rimoti. Nimemkosa mke wangu, Mheshimiwa. Nyumba imekuwa kimya hadi nalisikia jokofu likihema.

Nisalimie wote makao makuu, walinzi, wahasibu na dada wa mapokezi. Wasalimie na wapinzani, maana siku hizi sijui nani ni nani.

Wako mtiifu kupita kiasi,
Muuzaji wa Duka la Kona

Nyongeza: Barua hii naimalizia sebuleni kwa dada yake mke wangu. Ramani yao imenileta hadi mlangoni, na kila iliposema kushoto nilikata kushoto. Mke wangu ameisoma barua, anasema siku ile alinionya mara tatu, si mara moja. Sasa anafunga begi. Tafadhali usirudishe vita vyovyote, maana njia ya kurudi nyumbani siijui.