Mtungi Mmoja wa Kuki

Jumatatu, 3 Machi
Ijumaa Mkurugenzi anamtaja mkuu wa kitengo cha kompyuta. Tumebaki wawili: mimi, mwenye miaka tisa kazini, na Shemeji, mdogo wa mke wangu, niliyemwombea kazi mwenyewe! Leo kaja mezani kwangu akitabasamu. Eti programu yangu ya kuombea likizo inategemea maktaba mbovu, yaani msimbo wa kompyuta ulioandikwa na wengine. Mtumishi akishaingia, tovuti humpa kuki, kitambulisho cha kumwepusha kuulizwa nywila tena. Maktaba yangu ikielekezwa kwenye tovuti ngeni, huikabidhi kuki ileile. Sawa na kumwachia mpita njia ufunguo wa nyumba. Sasisha tu, shemeji yangu, dakika kumi, akasema. Mbele za watu!

Jumanne, 4 Machi
Nimejaribu kwa siri. Ni kweli. Inaudhi! Lakini nikisasisha, sifa ni zake. Nitaandika maktaba yangu mwenyewe. Mke wangu kauliza nitapungukiwa nini nikimsikiliza mdogo wake mara moja. Nimesingizia kichwa.

Alhamisi, 6 Machi
Tayari! Mistari mia mbili. Kuki haitoki nje ng'o: zote nimezitia mtungi mmoja, ndivyo tuitavyo hifadhi ya kuki. Shemeji akauliza kwa nini kila mtumishi hana mtungi wake. Nikamjibu kwamba wa jana hamfundishi wa juzi. Nimeiwasha jioni, watu wakishaondoka.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Mkurugenzi kaingia wa kwanza asubuhi. Mtungi mmoja, kuki moja: kila aliyemfuata, tovuti ikamwona ni Mkurugenzi. Mpokezi kajiidhinishia likizo ya wiki sita. Dereva, miezi mitatu. Sababu aliyoandika: nimechoka. Kufika saa nne, nusu ya ofisi imeshaondoka. Mfagizi kanipungia mkono langoni, akaniombea maisha marefu.

Mkurugenzi katuita, mimi na Shemeji. Kauliza kwa upole, tena upole wa kutisha, nani kaandika kitu hiki. Nikatazama dirishani. Shemeji akadakia: tumeandika wote wawili, na dawa yake ni dakika kumi. Kaimaliza kwa nane.

Ukuu kapewa yeye. Na juu ya hayo kanifichia aibu! Dharau iliyoje!

Jumamosi, 8 Machi
Mkuu mpya kaja kula kwetu. Mke wangu kamwekea kiti changu. Kati ya matonge akaniomba, taratibu, Jumatatu nisasishe maktaba ya programu ya mahudhurio. Nikaitikia vizuri tu.

Nimeikagua. Mbovu kweli. Lakini nikisasisha, sifa atapata nani?

Nimeanza kuandika yangu. Safari hii, mitungi miwili.