Niliosha Kaseti ya Bibi Matofali

Jumatatu, 6 Mei

Chiriku amenywesha kaseti maziwa. Sasa hivi! Nimegeuka tu kufungua dirisha, narudi namkuta amekaa sakafuni, kaseti mapajani, kikombe mkononi, anaimiminia kwenye ule mdomo wake wa chini na kuibembeleza. Kunywa, kunywa ulale. Nikamwambia we mtoto wewe! Akanibusu goti. Sasa mtu wa namna hiyo utamgombeza vipi?

Ingekuwa kaseti nyingine ningecheka. Hii ni kaseti ya gemu, ile ya matofali. Ya mama mkwe.

Nieleze vizuri, maana najijua, baadaye nitajifanya sikumbuki. Mama mkwe ana chumba cha gemu kinachotazama barabara. TV za zamani zenye migongo mikubwa, mashine chini yake, viti vya plastiki. Gemu za kisasa hataki hata kuzisikia. Anasema hizo ni sinema, unakaa unaangalia watu wakikimbia. Gemu bora za wakati wote ni za zamani: nyoka anayekula mpaka anajing'ata mkia, vyombo vya anga vinavyoshuka kwa mstari, na juu ya zote, matofali. Matofali yanadondoka, unayageuza, unayapanga, mstari ukijaa unafutika. Basi. Haina mwisho na haina huruma, anasema, hiyo ndiyo gemu.

Na rekodi ni yake. Ukiwasha tu, ukurasa wa mabingwa unatokea, na juu kabisa pameandikwa BIBI, na namba ndefu kama ya simu. Watu wanatoka mitaa mingine kuja kuijaribu. Wanashindwa, wanaondoka wakimwita Bibi Matofali.

Amekwenda kumuuguza dada yake, anarudi Jumamosi. Funguo kaniachia mimi. Mimi! Siyo wifi, binti yake wa kumzaa, aliyesomea kompyuta. Aliniambia, Mama Chiriku, nikirudi nikakuta mambo sawa, chumba hiki utakiendesha wewe. Sijawahi kukabidhiwa kitu maishani zaidi ya mtoto. Usiku ule sikulala kwa furaha.

Tena Jumamosi hiyohiyo kinyozi wa ng'ambo ya barabara anakuja kuvunja rekodi mbele ya watu. Katangaza mwenyewe. Kila kichwa anachonyoa kinatoka na habari hiyo.

Kwa hiyo kaseti haiwezi kunuka maziwa. Nimeiosha. Sabuni ya vyombo, maji ya uvuguvugu, mswaki wa zamani. Nimeianika juani pamoja na nguo za mtoto.

Baadaye. Imekauka. Nimepuliza, nimechomeka, imewaka! Muziki uleule! Nimecheza ngoma na Chiriku chumba kizima. Kumbe mimi fundi.

Baadaye tena. Ukurasa wa mabingwa ni mtupu. BIBI hayupo. Sifuri, sifuri, sifuri, zimepangana kama mayai kwenye trei. Nimezima, nimewasha, nimepuliza mpaka nikaona nyota. Sifuri.

Nimeifunika TV kwa khanga.

Jumanne, 7 Mei

Nimewaza. Rekodi ilipatikana kwa kucheza, basi itarudi kwa kucheza. Nitafika ile namba, mtaa mzima tunaijua kwa kichwa, nitaandika BIBI, nani atajua?

Nimefunga mlango, nimeanza. Matofali ya mwanzo yanashuka taratibu, kistaarabu, kama wageni wanaovua viatu mlangoni. Nikajiambia, mbona rahisi! Halafu yakaanza kuja kama yamefukuzwa. Lile refu ninaloliomba haliji, nikishaharibu ndiyo linakuja mawili. Nimejenga mnara katikati mpaka juu. Ule muziki wa kufa! Nimerudia mpaka kidole gumba kimevimba. Namba yangu bora ni mkia tu wa ile ya mama. Kila nikifa Chiriku anapiga makofi. Ndiye peke yake katika ukoo huu anayeniona mjuzi.

Nafungua mlango, kinyozi huyo, amekunja mikono. Anataka mazoezi. Nikasema kaseti imepumzishwa. Akauliza, shemeji, kaseti nayo inachoka? Nikasema ina joto. Akasema masikini, mpeni dawa, akiamka mwambieni nilikuja kumjulia hali. Waliokuwa nje wakacheka. Na mimi nikacheka nao, kicheko cha mbuzi. Masikio yalikuwa yanawaka moto.

Jioni Baba Chiriku kaona kidole. Nikamwambia nimekibana na mlango. Basi akakifunga kitambaa, akakipuliza, akakataa nisioshe vyombo. Akaosha yeye, na uchovu wake wote wa kazini. Nilikaa pale kitandani nikitamani anigombeze kwa jambo lolote.

Jumatano, 8 Mei

Nimepata dawa! Rangi nyeupe ya kucha. Ya wifi, aliisahau dirishani.

Nimeandika kwenye kioo cha TV, palepale panapotokea ukurasa wa mabingwa, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. BIBI. Na namba yote. Ukisimama mlangoni huwezi kabisa kujua. Nimejipongeza kwa chai.

Jambo moja sikuliwaza. Ukurasa wa mabingwa huondoka. Rangi ya kucha haiondoki.

Fundi viatu kaja kucheza mpira kwenye TV hiyo. Kacheza kidogo, kasimamisha mechi, kaniuliza kwa adabu huyu BIBI ni timu gani na mabao hayo yote kayafunga lini.

Na wifi naye, mwenye pua ya kunusa balaa, akaingia. Akatazama. Akasema, he, wifi, TV imepaka kucha! Inaenda sherehe gani? Nikasema ni pambo. Akanitazama kama mtu anavyotazama samaki wa juzi.

Nikakimbilia dawa ya kutolea rangi ya kucha. Rangi imetoka, kweli. Imetoka pamoja na ngozi ya ile plastiki mama mkwe aliyoibandika kulinda kioo. Sasa kuna ukungu. Fundi viatu kamaliza mechi yake kwa kukisia, na mashine ya matofali nimeihamishia TV ya pembeni yake.

Wifi akauliza ampigie mama simu? Nikamwomba, nikamshika mikono, nikamwita dada. Akanyamaza, lakini kwa masharti: viatu vyangu vya harusi. Ameondoka navyo miguuni. Vinamkaa vizuri kuliko mimi, na hilo nalo limeniuma.

Alhamisi, 9 Mei

Maji yamenifika shingoni. Nimekwenda kwa adui.

Nani mwingine? Mtaa huu mtu pekee anayeweza kuikaribia ile namba ni kinyozi. Nikamkuta anafagia nywele. Nikamweleza yote. Karibu yote. Maziwa nilisema ni umeme. Nikamwomba aje acheze kwa siri, afike ile namba, aandike BIBI, halafu Jumamosi aivunje kiume mbele ya watu. Si ndivyo alivyotaka?

Akaegemea ufagio. Akasema shemeji, heshima ya mama yule ni heshima yetu sote. Karibu nilie. Mtu mzuri hivi, na mimi namsema kila siku!

Mchana nikamfungulia mlango wa nyuma. Ee, lazima niseme ukweli, alicheza. Mabega hayatikisiki, ni vidole tu. Matofali yanakuja kama mvua ya mawe na yeye anayapokea moja moja, kila moja na nafasi yake, kama alikuwa anayajua kwa majina. Nikasahau kupumua. Akaikaribia namba. Akaifikia. Akaipita! Hapohapo Chiriku akasema anataka kukojoa, na Chiriku akisema hivyo ujue umeshachelewa.

Nimerudi, kiti kitupu. Mlango wazi. Kwenye ukurasa wa mabingwa, juu kabisa:

KINYOZI.

Fisi nimemkabidhi bucha, tena nikamfungia mlango ale kwa utulivu!

Nikavuka barabara mbio na mtoto kiunoni. Alikuwa anamnyoa mtu ndevu, hata hakugeuka. Akasema, samahani shemeji, kidole kiliteleza. Kimeteleza herufi saba! Yule mteja alicheka mpaka povu likamwingia mdomoni.

Ijumaa, 10 Mei

Leo nimetumia akili. Kilichofuta BIBI ni nini? Kuosha. Basi kitakachomfuta KINYOZI ni nini?

Nimeiosha tena, kwa makusudi, sabuni nyingi zaidi. Chiriku kasugua upande wake. Kamwagia na unga wa sabuni, kasema ni chumvi.

Sifuri! Sijawahi kuzipenda sifuri namna hii.

Lakini kinyozi alishatangaza. Adhuhuri akaja na kundi zima kuwaonyesha jina lake. Akawasha kwa madaha, akarudi nyuma hatua, akanyoosha mkono kama anafungua pazia. Mayai matupu. Wakamcheka! Bingwa wa sifuri, wakamwita. Akaapa kwamba jana lilikuwepo, akaapa kwa mama yake, akanigeukia mimi. Shemeji, si ulikuwepo? Waambie.

Nilikuwa na kitambaa mkononi. Nikapangusa TV. Nikasema mimi gemu sizijui.

Ningefurahi. Nilipanga kufurahi. Lakini alipotoka alijikwaa kizingitini, hakuna aliyemwambia pole, na kwa mara ya kwanza wiki hii nzima alikuwa anasema kweli yeye na mwongo ni mimi.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika nimejifungia chumbani.

Chumba kilijaa mpaka nje. Mama mkwe kaingia na begi lake, kambeba Chiriku, kamshusha, kasalimia watu, kakaa kwenye kiti chake. Kawasha. Mayai.

Akaniuliza, mwanangu, hapa kumetokea nini?

Nilishajiandaa. Nikasema radi, mama. Radi kubwa. Akatazama dirishani. Jua, wiki nzima jua, hata majani ya uani yamekauka. Nikaongeza kwamba ilikuwa radi ndogo.

Sijamaliza, Chiriku huyo anakuja na beseni, maji yanamwagika kila upande, ndani kaseti ya nyoka inaelea kwenye povu. Akasema kwa sauti yake yote, mama, na hii naiosha!

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wifi alijifunika mtandio, mabega yanaruka. Kinyozi akainuka akataka asafishwe jina lake, na katika kusafishwa kwake ikatoka Alhamisi, ikatoka mlango wa nyuma, akatoka BIBI ambaye angeandikwa na adui. Wifi akachangia rangi ya kucha, bila kuulizwa, na viatu vyangu miguuni. Nilitamani sakafu ipasuke. Haikupasuka, ni ya saruji.

Mama mkwe hakupaza sauti. Heri angepaza. Aliinusa tu ile kaseti, akaichomeka, akamwambia kinyozi akae, aanze yeye.

Wakacheza. Kinyozi kapata nyingi, siyo kama za Alhamisi. Halafu mama. Alianza vizuri, watu wakaanza kumwimbia. Matofali yalipokaza mwendo, vidole vyake vikawa vinachelewa. Kidogo tu. Akamaliza chini ya kinyozi, akabaki anavitazama vidole kama watoto waliorudi nyumbani wamechelewa. Akaandika BIBI kwa mkono wake. Nafasi ya pili.

Hakuna aliyepiga makofi. Kinyozi mwenyewe akasema taratibu, Bibi, ile yako ya zamani ilikuwa juu ya hii yangu. Mama akamjibu, ya zamani iko wapi? Akampa mkono.

Nililia nyuma ya pazia. Alinifuata. Akasema, Mama Chiriku, ungenipigia simu Jumatatu ileile ningekutukana tukamaliza. Sasa itabidi nikutukane kwa mafungu. Fungu la kwanza alilitoa palepale. Sitaliandika.

Funguo amepewa wifi. Mimi nimepewa kazi ya kupangusa mashine. Kwa kitambaa kikavu. Alilirudia hilo neno, kikavu, akaninyooshea kidole, akalirudia tena. Wifi alikuwa anatikisa kichwa kwa huzuni na kuzichezesha funguo.

Baba Chiriku alikitazama tu kidole changu gumba, ambacho kimepona.

Jumapili, 12 Mei

Nimeomba msamaha kwa kila mtu. Mama mkwe, Baba Chiriku, kinyozi. Kwa wifi nimeomba nusu, nusu nyingine akirudisha viatu. Nimejiapiza: hila basi. Mambo ya siri basi. Nimekuwa mtu mpya na ninajisikia mwepesi.

Mama mkwe amekaa kwenye matofali tangu alfajiri. Anataka nafasi yake. Anacheza, anakufa, anavisugua vidole, anaanza upya. Roho inaniuma, mimi ndiye niliyemfikisha hapo. Alipokwenda kunywa chai nimeushika ule mkono wa mashine, kidude chenye vitufe anachobonyeza, nikaujaribu. Vitufe vigumu! Vimekauka kama uji wa jana. Tatizo siyo vidole vyake kabisa, ni vitufe!

Kwa hiyo nimevipaka mafuta. Ya Chiriku, ya kupaka baada ya kuoga. Hii siyo hila, ni msaada. Na wala sikukiuka agizo, alikataza maji, na mafuta siyo maji. Nilitaka kudondosha tone moja tu, lakini Chiriku aliniegemea, yakaingia mengi kidogo. Nimepangusa juu kwa kitambaa kikavu. Ndani sijui. Sijamwambia, nataka ashangae mwenyewe jinsi vinavyoteleza. Akishakuwa wa kwanza tena, nitamwambia ni mimi, na pengine zile funguo

Ananiita. Jina langu lote, na la baba yangu. Nadhani ameshavibonyeza. Sauti ni kubwa, lazima ni ya furaha, ngoja niende, nikirudi nitaandika alivyo