Nani Anasoma Barua Zangu?

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mpango umeiva. Kuna chumba cha duka Kahawa Wendani, mlangoni pa hosteli za wanafunzi. Vichwa vyote hivyo, na kila kimoja kinaota nywele! Nimemwandikia wakala, Bi Hiral, kwa barua pepe kutoka saiba ya Becky, anapokodisha kompyuta hapa Gatongora. Sijaambia mtu, hata mama watoto. Muema, kinyozi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, aliniibia wateja kwa kuweka televisheni. Nikihamia Wendani, abaki akinyoa nzi.

Jumanne, 4 Machi
Muema kanisalimia. Niaje jirani, eti Wendani maji yapo? Ngai! Hilo ndilo swali nililomuuliza Bi Hiral jana. Huyu ameingia kwa simu yangu.
Nimebandika plasta kwenye kamera. Nimefuta historia yote. Wi-Fi ya ploti tunayopanga sigusi tena. Sasa natafuta kila kitu kwa dirisha la siri, hata bei ya sukuma wiki.

Jumatano, 5 Machi
Bi Hiral kajibu. Atakayefika wa kwanza Ijumaa na kitambulisho, chumba ni chake. Bi Hiral mwenyewe atafika kabla ya saa tatu. Nimesoma hapo saiba, pua karibu iguse skrini. Becky akauliza kama macho yananisumbua. Nikamwambia kwa sauti ya chini kuwa ninafuatwa. Akasema, Baba Wangeci, basi ufunge akaunti ukimaliza, kila siku unaiacha wazi.
Nifunge? Paswodi tuliisahau mimi na yeye tangu 2019. Nikifunga, nitarudi vipi? Huyu msichana anajifanya mjuaji sana.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefika Wendani saa tatu kasoro dakika tano. Muema anatoka mlangoni, funguo zikining'inia kidoleni. Alifika saa mbili! Nimeumia jamani. Nilikuwa nimeshachagua rangi ya ukuta.
Nikamuuliza nani alimwambia. Hata hakuficha. Jumatatu alienda saiba kuchapisha bei zake, akapewa kompyuta namba nne, ile ninayotumia mimi, akakuta barua zangu zimeanikwa. Akawa anarudi kila siku kuona kama kuna mpya.
Namba nne! Na nani hupangia watu kompyuta pale? Becky! Kumbe wako pamoja.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemhama Becky, msaliti yule. Nimeenda saiba ya Githurai 45, mbali na macho ya watu. Hapo sokoni kuna chumba kitaachwa wazi mwisho wa mwezi, na safari hii hakuna atakayejua.
Msichana wa saiba anaitwa Mutheu. Amenifungulia barua pepe mpya. Nimemwambia paswodi aitunze yeye, mimi husahau. Nikamweleza mpango wote ili anisaidie kuandika barua vizuri. Ana uso wa mtu wa kanisa. Akafurahi kweli, akasema kakake pia ni kinyozi, alikuwa Gatongora hadi juzi. Jina sikuuliza. Mimi si mtu wa kuchungulia mambo ya wengine.